Mji wa mtoni baada ya uvamizi: uchambuzi wa kampeni iliyokaribia kuvunjika

Usuli

Kisa hiki kinahusu watu sita wa kisiwani Mombasa wanaocheza michezo ya kusimulia mezani, na kampeni yao moja, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi. Mmoja ni msimulizi. Watano ni wachezaji, kila mmoja na mhusika wake. Majina, mtaa na kazi zao vimeondolewa, na humu tunawaita kwa wahusika wao: nahodha, fundi, mganga, mwindaji na binti wa liwali. Walikutana Jumamosi baada ya Isha.

Michezo ya aina hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na kanuni zake zinategemea dadu ya nyuso 20. Kikundi hakikuwa nayo, kikatumia dadu mbili za ludo. Ukizirusha pamoja kuna matokeo 36. Jumla ya 10 kwenda juu hupatikana mara 6 katika hizo 36, na hapo mhusika anapata alitakalo. Kati ya 7 na 9 ni mara 15, anapata kwa gharama. Sita kushuka chini ni mara 15 tena, na hapo mambo yanaharibika. Kanuni hizo zinatosha kabisa, na wanaokesha wakitafuta dadu za ajabu mitandaoni wanajisumbua bure.

Mji wa kubuni uliitwa Mkondoni. Uko mpakani, siku tatu juu ya mto kutoka baharini, penye kivuko cha pekee cha njia ya misafara. Miaka miwili kabla ya hadithi kuanza, Watu wa Jivu, wapiganaji wasio na vivuli, walishuka kutoka milimani, wakakaa siku 40, wakachoma na kuchukua, kisha wakaondoka bila kueleza. Chini ya kivuko anakaa kitunusi, pepo wa majini, na ukoo wa wavushaji ndio pekee uliojua masharti yake. Ukoo huo haukurudi.

Msimulizi aliazima umbo la kisa kwenye historia ya hapa hapa. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walikuwa wamekaa ng'ambo, bara, wakati meli za Wareno zilipokuja kumwondoa Amir Ali Bey Mturuki. Wazimba wakavuka, wakaupora mji. Lakini walioibadilisha Mombasa kwa miaka iliyofuata walikuja nyuma yao. Wasegeju, waliowavunja Wazimba huko Malindi, walishuka kuishika Mombasa, mfalme wa Malindi akahamia hapa, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Mporaji alikuwa ameshasahau. Mji uliachwa wazi, na atakayeukalia ndiye aliyeamua uwe wa nani. Hilo ndilo lililopaswa kuwa kiini cha kampeni tangu kikao cha kwanza, lakini halikuwa.

Mambo yalivyokwenda

*Vikao vinne vya mwanzo.* Msimulizi aliandika kurasa 11 za historia ya uvamizi: majina ya majemadari, tarehe za vita, nasaba za maliwali. Akazituma kwenye kikundi cha WhatsApp. Aliyezisoma mpaka mwisho ni binti wa liwali peke yake. Kazi ya wahusika ilikuwa kuwasaka Watu wa Jivu waliobaki vichakani. Vita vilikuwa vizuri, lakini kila walivyomaliza kimoja mji ulibaki vile vile. Hapakuwa na swali la kujibu huko. Kikao cha nne walikuja wawili.

Kabla ya hapo kulikuwa na dalili ambayo haikuangaliwa. Kikao cha pili, msimulizi alisema ukuta wa mji ni wa mawe ya matumbawe. Fundi, ambaye hata nje ya mchezo anajua ujenzi, akauliza: "Matumbawe yatoka wapi, siku tatu juu ya mto? Na chokaa mwaichoma kwa kitu gani huko?" Msimulizi akapita. Swali lile lilikuwa zawadi. Mji wa bara kidogo hujengwa kwa fito na udongo, na paa lake hushikwa na boriti za mikoko kutoka mdomo wa mto. Boriti ndiyo inayopima chumba: upana ukizidi mita 3 hivi, haifiki. Kwa hiyo kila nyumba iliyochomwa ni safari ya mashua kwenda mikokoni na kurudi dhidi ya mkondo, na kila safari ni watu ambao hawako shambani. Ukisema hivyo, tayari una kikao kizima.

*Kusimama na kupanga upya.* Kampeni ilisimamishwa. Msimulizi alikaa na fundi na mganga wakaitupa historia yote isipokuwa sentensi tatu, wakaandika badala yake daftari la mji, ukurasa mmoja: chakula, mbegu, mikono, kivuko, madai. Chakula ndicho kilichochukua jioni nzima, na hesabu yenyewe inafaa kuonyeshwa.

Mkondoni ilikuwa na familia 120, watu 600. Zimebaki familia 70, watu 350. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, walimpa nusu kilo ya nafaka kwa siku, yaani kilo 175 kwa mji mzima. Ghalani kuna magunia 260 ya mpunga, ya kilo 90. Mbegu ni kilo 35 kwa eka kwa kumwaga kwa mkono. Familia moja kwa jembe ikalima eka 2, ni eka 140, na mbegu ni magunia 54. Yanabaki 206 ya kula. Kwa haraka haraka hizo ni karibu siku 106, na mavuno yako siku ya 150.

Hapo mganga, ambaye kwao wanauza mchele, akawasimamisha. Mpunga si mchele. Gunia la kilo 90 likitwangwa hutoa karibu kilo 60. Yaliyosalia ni makapi na pumba. Siku 106 zikawa 70. Na mbegu zote zikiliwa zinaongeza siku zisizofika 19, kisha hakuna mavuno kabisa. Ndipo wote watatu walipoona hadithi iko wapi: Mkondoni ilinusurika mwaka wa uvamizi, na sasa huenda ikafa kwa ajili ya ghala lisilojaa.

*Vikao vya tano na sita.* Msimulizi aliweka daftari mezani, wazi, kila mtu alione. Wachezaji wote watano walirudi. Jahazi likapanda kutoka pwani na tajiri mwenye mtama, tayari kukopesha. Pengo lilikuwa siku 80, yaani magunia 155 ya mtama, na tajiri alitaka kivuko kiwe rehani. Binti wa liwali alitaka kukubali. Nahodha akachukua kalamu: wakipunguza posho kutoka gramu 500 hadi 350, mji unahitaji kilo 122 na nusu kwa siku, na magunia 70 yanatosha kufika siku ya 150. Wakakopa 70, wakaahidi kulipa 105 za mpunga baada ya mavuno, kivuko kikabaki mikononi mwao. Mwindaji, ambaye vikao vyote vya nyuma alikuwa wa kupiga mishale tu, ndiye aliyepewa kazi ya kutangaza posho mpya nyumba kwa nyumba. Akasema baadaye hajawahi kuogopa mlango katika mchezo kama siku hiyo.

*Vikao vya saba na nane.* Siku ya 60 walifika watu kwa mitumbwi, na wahusika wakakimbilia silaha. Walikuwa wenyeji: familia 19, watu 95, waliokimbilia pwani wakati wa uvamizi na sasa wanarudi kwao. Furaha ilidumu kama dakika kumi. Fundi akafungua daftari: watu 445 kwa gramu 350, ghala linakwisha kama siku 17 kabla ya mavuno. Na mashamba ya hao waliorudi yalikuwa tayari yamelimwa na kupandwa na waliobaki.

Nahodha alimkabili mzee mmoja wa waliorudi, aliyeigizwa na msimulizi:

"Wewe ulikimbia, ami. Sisi tulibaki tukazika."

"Nilikimbia na watoto wa nduguyo mgongoni, mwanangu. Waulize wenyewe, wale pale mtumbwini."

Mpaka hapo ulikuwa mchezo mzuri kuliko wote waliowahi kucheza. Kisha binti wa liwali akapendekeza waliorudi wajenge wanapotaka lakini ardhi ibaki ya mji, walipe kitu kila mwaka. Mwindaji akacheka kwa uchungu: "Nyumba bila ardhi. Hata huku mumeileta." Nahodha akajibu kwamba mwenye kiwanja naye ana haki zake. Ndani ya dakika tano hakuna aliyekuwa akizungumza juu ya Mkondoni.

Kwa asiyejua: katika mitaa kadhaa ya Mombasa mtu hujenga nyumba yake halali kwenye kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi vizazi na vizazi. Na kwenye ukanda wa pwani kwa jumla, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati waliojitokeza kudai, ikawaacha wengi waliokuwa wakilima bila karatasi. Mezani walikaa watu ambao familia zao ziko pande zote mbili za jambo hilo. Msimulizi hakulipanga. Alidhani anaandika shamba la kubuni.

Kwa kutaka kuwatuliza, akawaambia warushe dadu, jumla iamue. Zikaangukia 5. Akatangaza baraza limevunjika na waliorudi hawapati kitu. Mwindaji akafunga karatasi yake, akaenda zake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa maana ulikuwa kulibatilisha lile tokeo. Msimulizi alimpigia simu kila mchezaji kivyake kabla ya kikao kilichofuata, akaeleza kwamba dadu haikupaswa kuguswa. Sababu aliyoitoa ni ya kikanuni, nayo ni sahihi: dadu hujibu swali ambalo wahusika hawana uwezo nalo, kama mvua, samaki, au mkono wa adui. Ardhi iende kwa nani ni jambo waliloweza kuliamua wenyewe, na uamuzi ukitoka kwenye dadu hakuna mtu wa kubishana naye.

Wa pili ulikuwa kubadilishana wahusika kwa kikao kimoja tu. Nahodha akamchukua yule mzee aliyerudi. Mwindaji akachukua kiti cha binti wa liwali. Binti wa liwali hakupenda, akakubali kwa sharti kwamba mhusika wake asifanyiwe ndoa wala asiuawe asipokuwepo. Sharti likaandikwa.

Wa tatu ulikuwa kuligawa dai. Badala ya kuuliza "shamba ni la nani", baraza liliuliza maswali manne, moja baada ya jingine: mazao yaliyomo ni ya nani, ardhi ni ya nani, miti ni ya nani, na nani anakula nini kuanzia leo mpaka mavuno. Huku pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ulipo ikawa na mwenyewe mwingine, kwa hiyo mgawanyo huo haukumshangaza mtu. Mazao yakawa ya aliyepanda. Ardhi ikarudi kwa mwenyewe siku ya pili baada ya mavuno. Minazi haikuguswa na mtu. Na waliorudi wakapewa posho ile ile ya wenyeji kwa kufanya kazi ya kivuko na nyavu. Aliyependekeza posho iwe moja kwa wote alikuwa nahodha, akiwa ndani ya yule mzee.

Posho yenyewe ikashushwa hadi gramu 300. Kwa hesabu hiyo ghala lilifika siku ya 144, na siku zilizobaki zikazibwa na kambale na masuke yaliyowahi kuiva.

Kivuko kilihitaji uamuzi wa namna nyingine. Mto una upana wa mita 140, na ukihesabu mlegeo na mafundo unataka kamba ya mita 170. Kamba ya makumbi haitengenezwi kwa wiki: makumbi hufukiwa kwenye matope miezi kadhaa mpaka yalainike, ndipo yakapondwa, yakachambuliwa na kusokotwa. Wangeanza siku hiyo, kamba ingekuwa tayari baada ya mavuno. Msimulizi alichora duara la vipande sita, kipande kimoja kwa kila mwezi, akaacha likijaa taratibu pembeni ya daftari huku mambo mengine yakiendelea. Kitunusi akaachiwa mganga. Masharti yake yalipatikana kwa bibi kizee mmoja wa waliorudi: kila mwezi mpevu apewe kitu cha chuma kilichotumika, si kipya. Katika mji ambao majembe yamebaki machache, hilo lilikuwa dai zito kuliko joka lolote.

Matokeo

Mavuno yalirushiwa dadu, na hapo ndipo mahali pake: 10 kwenda juu magunia 10 kwa eka, 7 hadi 9 magunia 7, chini ya hapo 4. Ikaja 8. Eka 140 zikatoa magunia 980. Tajiri akalipwa 105. Familia 14 kati ya 19 zilikaa. 5 ziliona afadhali kurudi pwani na jahazi, na mmojawapo ni mhusika wa kando ambaye wachezaji walikuwa wamempenda. Mbegu za familia 84 zikatengwa magunia 65. Yaliyobaki, 810, yanawalisha watu 420 siku 231 kwa posho kamili. Mwaka ni siku 365. Mkondoni haijapona, inahitaji msimu wa pili wa mto kufurika vizuri, na kila aliyekaa mezani alijua hivyo bila kuambiwa.

Kampeni iliendelea mpaka kikao cha 14. Mahudhurio hayakushuka tena chini ya wanne. Mwindaji alirudi kikao cha tisa na hakutaka lile jambo lizungumzwe. Halikuzungumzwa.

Uchambuzi

Daftari lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa wazi na lilikuwa na namba zinazoumana. Wasimulizi wengi huweka hesabu za mji nyuma ya pazia, wakidhani siri huleta hamu. Hapa wachezaji walipoona magunia 206 kwa macho yao waliacha kuuliza "tufanye nini" wakaanza kukatazana. Lakini namba peke yake haitoshi. Angalia ni nani waliozirekebisha: mganga kwa mpunga na mchele, fundi kwa boriti, nahodha kwa posho. Kila mmoja alileta alichokijua maishani, na mji ukawa wao kwa njia ambayo kurasa 11 zisingeweza kuifikia. Msimulizi akijua kila kitu kabla ya kikao, amewanyang'anya hilo.

Kurudi kwa waliokimbia ndiko kulikokuwa tukio bora la kampeni nzima, kuliko adui yeyote. Sababu ni kwamba halina upande mbaya. Mji uliovamiwa una aina tatu za watu: waliobaki, waliokimbia, na waliokuja baadaye kufanya biashara na pengo. Kila mmoja ana hoja ya kweli dhidi ya wengine wawili. Anayetaka kujenga mji wa namna hii aanze na hao watatu, awape kila mmoja kitu kimoja anachokidai na kitu kimoja anachokishikilia, na Watu wa Jivu awaache milimani.

Kilichokwama kabisa ni kuchelewa kusimamisha. Msimulizi aliona sauti zimebadilika pale mwindaji alipocheka, akaendelea kwa sababu mchezo ulikuwa umenoga. Tulivyopitia mtiririko wa kikao hicho, tunaona alikuwa na nafasi mbili za wazi za kukata: pale neno "nyumba bila ardhi" liliposemwa, na pale nahodha alipojibu kwa sauti yake mwenyewe badala ya ya mhusika. Mchezaji akiacha kusema "nahodha anasema" akasema "mimi nasema", kahawa iletwe hapo hapo. Swali la kuuliza kabla hata ya kikao cha kwanza lilikuwa rahisi: katika mji huu tunaobuni, ni jambo gani linalofanana na la kwenu ambalo hutaki tuliguse, au unataka tuliguse kwa tahadhari? Hakuna aliyeliuliza.

Kubadilishana wahusika kulisaidia, ila tusilisifu kupita kiasi. Nahodha alikuwa tayari amepoa, na huenda angefika pale pale bila hilo. Kwa binti wa liwali ilikuwa hasara: alirudishiwa mhusika aliyekuwa ametoa ahadi mbili ambazo yeye asingezitoa, akakaa vikao viwili akizitengua. Kanuni iliyowekwa baadaye ni kwamba aliyeazimwa mhusika anaweza kusema na kujadili, lakini ahadi yoyote husubiri mwenyewe aithibitishe.

Duara la kamba lilikuwa na kasoro ndogo ya kiufundi. Msimulizi alijaza kipande kwa kila mwezi bila kujali nani anafanya kazi, kwa hiyo kuwapeleka waliorudi kwenye kivuko hakukuharakisha kitu na wachezaji waliliona. Makumbi matopeni hayaharakishwi na mtu, hilo ni kweli. Ila kusokota kunaharakishwa. Toleo walilonalo sasa lina duara mbili: la kwanza, vipande vinne, hujazwa na muda peke yake, la pili, vipande vinne, hujazwa na watu, kipande kimoja kwa kila watu kumi wanaofanya kazi kwa nusu mwezi, na halianzi mpaka la kwanza lijae. Kwenye daftari la msimu wa pili wameongeza pia mstari wa sita, majembe, kwa ajili ya kitunusi.